Nasaba Iliyoachwa Barabarani

Basi la Iringa likishaipita Doma, abiria huanza kugeuza shingo. Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na katika kipande hicho hata dereva mwenye mguu mzito hulazimika kuwa mpole, maana kando ya lami kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Aliyekaa dirishani huwa mfalme wa safari. Anatangaza twiga, anatangaza pundamilia, na walio upande wa pili wanasimama na kumwegemea bila kuomba radhi.

Siku ninayoikumbuka hapakuwa na mnyama. Palikuwa na marundo matatu ya kinyesi cha tembo katikati ya njia, mabichi, bado yanafuka mvuke wa asubuhi. Dereva alikwepa mawili, la tatu likapitiwa na gurudumu. Mtu mmoja akaguna kwamba tumewakosa kwa dakika kumi, na basi zima likasikitika naye. Nilikaa kimya, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusoma kuhusu watu ambao wangepiga kelele gari lisimame kwa ajili ya lile rundo, na tembo mwenyewe wangemwomba asogee kidogo.

Methali yetu inasema mavi ya kale hayanuki. Huambiwa mtu anayefukua kosa ambalo wenyewe wameshalisamehe. Wanajenetiki wa wanyamapori wanaikubali methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa: kinyesi cha kale hakina cha kusema. Wanachokitaka ni cha leo, kabla jua halijakikausha na dundu hawajakigawana. Ukilitazama donge bichi kwa makini utaona linang'aa. Mng'ao ule ni ute wa utumbo. Majani na magome yanapopita tumboni hukwangua seli za ukuta wa utumbo, nazo hutoka nje zimenata juu ya donge, kila moja imebeba vinasaba vya tembo mzima.

Neno hili vinasaba napenda kulisimamisha kidogo kabla ya kuendelea. Limetokana na nasaba, yaani ukoo na uzao, lile jambo ambalo wazee wa pwani hulichimbua kwa utulivu kabla posa haijajibiwa: huyu kazaliwa na nani, na huyo nani katoka wapi. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyobahatika hivi. Jenetiki ya makundi ya viumbe, taaluma ninayotaka kuisifu, haifanyi kazi nyingine ila hiyo ya wazee. Inauliza mnyama huyu ni wa watu gani, watu wake wameoana na akina nani, na tangu lini wameacha kuoana. Tofauti ni kwamba anayeulizwa hawezi kusema, na mara nyingi amekwisha kufa.

Samuel Wasser, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, mmoja wa watu wale niliokuwa nikiwasoma, hakuanza na tembo. Alianza na nyani, na alianza nao Mikumi hiyohiyo. Alitaka kujua mambo ya uzazi na msongo katika kundi la nyani, na aliyewahi kumtazama nyani anajua kwamba ukimkamata umtoe damu umeshaharibu kila kitu ulichotaka kupima. Kwa hiyo akageukia kile ambacho nyani hukiacha mwenyewe bila kugombana. Kutoka kinyesini alijifunza kupima homoni, baadaye vinasaba. Ujangili wa pembe ulipozidi, tayari alikuwa na mkono uliozoea kazi ambayo wengi wangeiona ya aibu. Hakuwa peke yake. Katika tafiti kadhaa za kazi hii limo jina la Profesa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenye yale marundo yetu.

Kukusanya kunaonekana rahisi mpaka mtu aelezwe masharti. Chukua ute wa juu, usichimbe ndani, kwa kuwa ndani ni nyasi na bakteria. Tumia kijiti kipya kwa kila rundo. Tia kwenye kichupa chenye maji ya chumvi ya kuhifadhia, andika mahali ulipo kwa vipimo vya setilaiti, andika saa. Pima ukubwa wa donge, kwa maana donge hukua pamoja na mwenyewe, na mtoto hutoa kidogo. Halafu liko sharti ambalo mimi naliona ndilo moyo wa kazi: usijaze mfuko wako marundo kumi ya familia moja ukadhani umeipima nchi. Ni sawa na mtu aliyetumwa kuchunguza lafudhi ya Mombasa, akaingia nyumba moja, akamhoji mume, mke, watoto na bibi, akarudi na kanda kumi. Ana sauti kumi lakini ana nyumba moja. Mkusanyaji mzuri anachukua kidogo hapa, anaondoka, anatembea mbali mpaka awe na hakika kwamba rundo linalofuata ni la watu wengine.

Nimeitaja lafudhi makusudi, kwani sijaona njia bora ya kueleza kinachofanyika baada ya hapo.

Mtu wa pwani akimsikia mgeni anasema mato badala ya macho, masikio yake hugeuka upande wa Mombasa na Lamu. Akisikia nti badala ya nchi, yanageuka zaidi. Hata hivyo hatakula kiapo kwa neno moja, maana mtu anaweza kuwa alilelewa na shangazi wa Kimvita huku yeye ni wa Tanga. Anasubiri. Neno la pili, la tatu, jinsi anavyovuta silabi, salamu anayoitumia. Baada ya dakika tano anasema kwa utulivu: wewe ni wa huku kwetu. Hakuna neno hata moja lililothibitisha peke yake. Yote kwa pamoja yamethibitisha.

Vinasaba vya tembo vina maneno ya namna hiyo. Katika uzi mrefu wa vinasaba kuna sehemu ambazo silabi fupi inajirudia kama kigugumizi, mara 11 kwa tembo huyu, mara 14 kwa yule. Kigugumizi hicho hakimdhuru wala kumfaa mwenyewe, na pengine ndiyo sababu kimeachwa kibadilike kizazi hadi kizazi bila kusahihishwa. Kila tembo ana hesabu mbili kwa kila sehemu, moja ya baba na moja ya mama. Kundi la Wasser lilichagua sehemu 16. Tembo mmoja, basi, ni orodha ya namba 32. Hesabu ya 11 inaweza kuwa ya kawaida katika misitu ya Gaboni na adimu kusini mwa Tanzania. Sehemu nyingine ikawa kinyume chake. Namba moja haisemi kitu. Namba 32 zinaanza kuwa na lafudhi.

Zinaanza, iwapo zimesomwa sawasawa. Vinasaba vya kinyesini vimechoka na kukatikakatika, na mashine inapovisoma huweza kuiona namba moja na kuimeza ya pili, hivyo tembo mwenye 11 na 14 akaandikwa 11 na 11. Msomaji mvivu angeandika hivyo na kwenda kunywa chai. Fundi anarudia sampuli ileile, anarudia tena, na asiporidhika anaitupa, hata kama aliyeileta alitembea siku mbili porini kuitafuta. Sampuli iliyotupwa haina anayeisifu, kwa hiyo naisifu hapa.

Sasa ramani. Mwaka 2004 Wasser na wenzake, akiwemo mtakwimu Matthew Stephens, walichapisha njia yao wakiwa na sampuli 399 kutoka sehemu 28 za Afrika: 315 za nyama na ngozi, 84 za kinyesi. Bara zima kwa vituo 28 ni vitundu vichache kwenye shuka pana. Jangili haui tembo kwa kufuata vituo vya watafiti. Anaua katikati, ambako hakuna aliyepita na kichupa. Utamjuaje tembo wa mahali ambapo hujawahi kufika?

Nahodha wa jahazi anajua. Anashusha bildi hapa anapata pima nne, anashusha kule anapata pima sita, na katikati hashushi, kwa sababu anajua sakafu ya bahari kwa kawaida hairuki ghafla. Anakadiria tano na kuendelea na safari, macho yake yakiwa kwenye rangi ya maji. Stephens na wenzake walifanya hivyo kwa hesabu. Walichukulia kwamba tembo wa jirani hufanana kuliko tembo wa mbali, kwa kuwa jirani huoana. Wakachora, kwa kila kigugumizi, jinsi kinavyopanda na kushuka kutoka kituo hadi kituo, wakajaza mapengo kwa makadirio laini. Kuanzia hapo tembo asiyejulikana angeweza kuwekwa popote kwenye ramani, hata mahali pasipo kituo.

Halafu wakajipima. Walimtoa tembo mmoja ambaye kwao kunajulikana, wakajifanya hawamjui, wakaiuliza ramani iliyobaki: huyu ni wa wapi? Wakamrudisha, wakamtoa mwingine. Ni kama mwenye duka anayeijaribu mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake anaujua, mbele ya wateja, kabla hajafungua. Nusu ya tembo waliangukia ndani ya kilomita 500 kutoka kwao halisi, na 80 kwa kila 100 ndani ya kilomita 932. Tena hawakuishia kwenye wastani wa bara zima, ambao ungeficha aibu. Waliandika eneo kwa eneo. Afrika Magharibi kosa la kati lilikuwa kilomita 135. Afrika Mashariki, kwetu, lilikuwa kilomita 697.

Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliona kama tumetukanwa. Kilomita 697 ni zaidi ya Dar es Salaam mpaka Iringa. Ukimkosea tembo kiasi hicho unaweza kumvusha mpaka ukamshtaki nchi jirani. Nimeisoma tena tangu siku hiyo na sasa ndiyo namba ninayoiheshimu kuliko zote katika kazi ile. Kila fundi ana mahali ambapo mkono wake unatetemeka. Seremala atakuonyesha kabati kwa mbele. Hawa waliligeuza, wakaonyesha mgongo, wakaandika pale pale kwamba dawa yake ni kwenda kuokota zaidi mahali ambapo hawajafika. Wakaenda. Kufikia mwaka 2015 ramani ilikuwa na sampuli 1,350 kutoka sehemu 71 katika nchi 29.

Upande wa pili wa kazi ni pembe. Hapa Kiswahili, kilichotubahatisha kwenye vinasaba, kinatupoteza kidogo. Tunasema pembe ya ndovu kama tunavyosema pembe ya ng'ombe, kumbe ile ya ndovu ni jino, la mbele la juu, lililokua mpaka likatoka nje ya mdomo. Pembe ya kifaru ni kitu kingine kabisa, ni jamii ya kucha na nywele. Jino lina mzizi, lina tabaka la nje lililojengwa na seli, na humo ndimo vinasaba vimejifungia. Kwa hiyo pembe iliyokaa ghalani miaka bado inajua mama yake ni nani.

Kuitoa siri hiyo kunahitaji upole wa ajabu kwa kitu kigumu hivyo. Keekee ya kawaida hutoa joto, na joto linaua vinasaba. Kundi la Wasser lilikata kipande kidogo, likakifunga ndani ya mrija pamoja na chuma, likautumbukiza mrija ndani ya naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sumaku inakirusha kile chuma huku na huku, na pembe, ambayo kwa baridi ile imekuwa dhaifu kama kigae, inasagika unga mweupe bila kupata joto. Unga huo unalowekwa dawa inayoondoa chokaa polepole, kwa siku kadhaa, mpaka kilichobaki kiweze kusomwa. Nimewahi kumtazama fundi wa Lamu akichonga mlango, jinsi anavyopiga patasi kidogo na kupuliza, anapiga kidogo na kupuliza. Wale wa maabara nadhani wangeelewana naye bila mkalimani.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa shehena iliyokamatwa Singapore Juni 2002: tani 6.5, pembe zaidi ya 500, zilizosafirishwa kutoka Malawi. Dhana ya wengi ilikuwa kwamba mzigo mkubwa kiasi kile lazima umeokotezwa kila mahali, porini na msituni, kama dalali wa mahindi anavyokusanya gunia hapa na gunia pale. Vinasaba vilisema vingine. Pembe zote zilikuwa za tembo wa savana, na zilijipanga katika ukanda mwembamba ambao kitovu chake ni Zambia. Aliyeutuma mzigo ule alikuwa na shamba lake.

Matokeo yale, yaliyochapishwa mwaka 2007, yaligeuza swali. Kama shehena kubwa hutoka mahali pamoja, basi ukamataji bandarini, ambao kila mara huja tembo wameshakufa, unaweza kukuonyesha ni wapi bunduki inalia leo. Mwaka 2015 kundi lile lilichapisha usomaji wa shehena 28, kila moja ya nusu tani au zaidi, zilizokamatwa kati ya 1996 na 2014. Pembe za tembo wa msituni zilizokamatwa tangu 2006, zaidi ya 85 kwa kila 100, zilitoka eneo moja linalozigusa Gaboni, Kongo-Brazzaville, Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Za tembo wa savana, zaidi ya 85 kwa kila 100 pia, zilitoka Afrika Mashariki, hasa kusini-mashariki mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji. Yaani hifadhi za Selous na Niassa. Kadiri miaka ilivyosogea, alama zilianza kuhama kuelekea Ruaha.

Wapo waliopokea habari hiyo kama uzushi wa wageni. Lakini hesabu iliyofanywa kwa ndege wakati uleule ilikuwa ikisema jambo lilelile kwa mdomo mwingine: Tanzania iliyokadiriwa kuwa na tembo 109,000 hivi mwaka 2009 ilibaki na takriban 43,000 mwaka 2014. Rubani aliyeruka juu ya Selous alihesabu wasiokuwepo. Msomaji wa pembe, maelfu ya kilomita kutoka hapo, alikuwa anawasoma walewale wasiokuwepo, mmoja mmoja. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema neno moja, kadhi husikiliza. Na ile namba ya kilomita 697? Vichupa vipya vilikuwa vimeipunguza makali. Isitoshe, pembe mia za shehena moja zikipigwa ramani pamoja, kosa la hii linasahihishwa na kosa la ile.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ilianza kama usumbufu wa ghalani. Shehena kubwa ina mamia ya pembe, na kuzisoma zote ni gharama. Tembo mmoja ana mbili, hivyo ni hasara kumsoma mara mbili. Mafundi huzitandaza sakafuni, kubwa upande huu na ndogo upande ule, kisha wanaanza kuziozesha: wanapima upana wa shina, wanalinganisha rangi, wanatazama alama ya ufizi, ule mstari unaoonyesha jino lilipoanza kuona jua. Ikipatikana jozi, inachukuliwa moja tu. Kazi ya kupiga magoti, ya mtu aliyewahi kutafuta kandambili ya pili mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa.

Na kama kandambili, nyingi hazikuwa na mwenzake. Zaidi ya nusu ya pembe zilikuwa moja moja. Mtu mwingine angeandika "hazina jozi" na kufunga daftari. Hawa waliuliza: mwenzake yuko wapi? Wakaenda kulinganisha orodha za namba za shehena hii na za shehena zile. Wakazikuta. Pembe ya kushoto imekamatwa ndani ya kontena moja, ya kulia ndani ya kontena lingine, miezi kadhaa baadaye, nchi nyingine kabisa, na zote mbili zina namba 32 zilezile.

Fikiri maana yake. Majangili wawili hawakugawana tembo mmoja wakaenda kila mtu na dalali wake. Pembe zile zilifika kwenye mkono mmoja, ghala moja, zikachanganywa, nyingine ikapakiwa leo na nyingine kesho. Zilipochunguzwa karatasi, shehena zilizogawana jozi zilikuwa zimepita bandari ileile kwa nyakati zinazokaribiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, baada ya kupekua shehena 38 za kati ya 2006 na 2015, ulionyesha mitandao mitatu mikubwa: mmoja ulipitishia Mombasa, mmoja Entebbe, mmoja Lomé huko Togo. Mtuhumiwa aliyekuwa ashitakiwe kwa kontena moja sasa angeweza kuulizwa habari za makontena manne.

Mwaka 2022 walikwenda mbele zaidi, na hapa neno letu vinasaba likarudi nyumbani kwao. Katika pembe 4,320 za shehena 49 zilizokamatwa kati ya 2002 na 2019, hawakutafuta tena jozi tu. Walitafuta ndugu. Mama na binti, wana wa tumbo moja, watoto wa baba mmoja. Tembo jike haachani na jamaa zake, na jangili aliyefanikiwa hurudi alikofanikiwa. Mama akiuawa mwaka huu pembe zake hupanda meli moja. Binti yake akiuawa mwaka wa tatu, za kwake hupanda nyingine. Ndugu waliotenganishwa hivyo ni kamba inayofunga meli mbili pamoja. Walipata mamia ya kamba hizo, na zilipovutwa zilionyesha kwamba karibu shehena zote zimeshikana, mikono ni ileile michache.

Sitaki kuikuza kazi hii kuliko ilivyo. Namba 32 hazimpeleki mtu jela. Jela anapelekwa na simu zilizonaswa, risiti, karani wa forodha aliyeamua kusema, na kesi zikiharibika haziharibiki maabara. Tena kuna karaha fulani katika kuusifu ustadi unaopata umahiri wake kwa wingi wa maiti. Ndiyo maana nafurahi kwamba namba zilezile husomewa walio hai.

Hapo Mikumi, kati ya 2003 na 2005, kwa miezi 25, Kathleen Gobush akiwa na Mutayoba na Wasser aliwafuatilia tembo jike wazima 218 katika makundi 109. Hifadhi ile ilichinjwa vibaya kabla ya biashara ya pembe kupigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, na miongoni mwa majike majangili walianza na wenye pembe kubwa, maana yake bibi. Miaka kumi na mitano baadaye ukubwa wa makundi ulionekana wa kawaida. Mwenye darubini angeandika kwamba wamepona. Gobush alisubiri waondoke, akaokota. Kutoka donge lilelile alisoma mambo mawili: vinasaba, vinavyosema nani ni ndugu ya nani, na homoni za msongo, zinazosema mwili unaishi na hofu kiasi gani. Ikaonekana kwamba katika makundi mengine waliotembea pamoja hawakuwa ndugu wa karibu. Walikuwa mabaki ya koo mbalimbali, waliosogeleana baada ya wakubwa wao kuuawa. Jike asiye na bibi mzee kundini, asiye na dada wala mama, alikuwa na homoni za msongo nyingi zaidi. Wale ambao undugu wao ulikuwa hafifu na mshikamano wao mdogo, walizaa kidogo.

Nilirudi kutoka Iringa baada ya siku nne, kwa basi la mchana, na safari hii tuliwakuta. Walikuwa sita, wakivuka lami bila haraka, mdogo akiwa katikati. Dereva alizima injini. Simu zote zikatoka. Mama mmoja nyuma yangu alimnyanyua mjukuu wake akamwonyesha: yule mbele ndiye bibi, anayefuata ni mama, wale ni shangazi zake. Mtoto akauliza amejuaje. Akajibiwa kwamba si unaona wanavyofuatana.

Wa mwisho alisimama kidogo ukingoni, akainua mkia, akaangusha madonge manne, akaingia vichakani. Dereva akawasha gari.